Video inasuasua ndani ya programu ya muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya yeyote anayetunga muziki au kuweka sauti juu ya picha: filamu fupi, tangazo, katuni, mchezo wa kompyuta. Kazi inaenda vizuri, kisha picha inaanza kuchechemea, mara inaganda, mara inaruka, mara midomo inasema kabla ya sauti. Wengi hukimbilia kununua RAM. Mimi husema angalia faili kwanza, na utaona majibu mengi hapa chini yanarudi palepale.

Kwenye kicheza video cha VLC video inacheza laini kabisa. Kwa nini nikiiingiza kwenye Cubase, Reaper au Logic inakwama?

Kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti. VLC haina shughuli nyingine. Inasoma faili kuelekea mbele, inafungua fremu (picha moja moja zinazounda video) kabla hazijahitajika na kuziweka akiba, mara nyingi kwa msaada wa kadi ya michoro. Ukiruka katikati ya filamu inajipa kitambo kidogo cha kujipanga, na wewe wala huoni ubaya.

Programu ya muziki haina nafasi hiyo. Saa inayofuatwa ni ya kadi ya sauti, inayohesabu kwa kawaida sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde, na picha inatakiwa iifuate saa hiyo popote inapokwenda: ukirudi nyuma baa 2, ukizungusha kipande kilekile mara kumi, ukiburuta mshale taratibu kutafuta fremu ya picha ambayo mlango unajibamiza. Wakati huohuo prosesa ina treki 60 na ala za sampuli (vyombo vya kidijitali vinavyotumia sauti zilizorekodiwa) za kulisha. Sauti ikikatika hata kwa milisekunde chache, sikio linasikia "tik!". Fremu moja ikikosekana, jicho linaweza kusamehe. Kwa hiyo waliotengeneza programu hizi walishaamua: nguvu zikipungua, anayenyimwa ni video. Humu sauti ndiyo mwenye nyumba. Picha ni mgeni.

Nianzie wapi kutafuta chanzo?

Fungua mradi mpya, mtupu. Usiweke plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) wala ala yoyote. Ingiza video peke yake, icheze, iburute mbele na nyuma, izungushe sekunde 4 za katikati.

Ikisuasua hata hapo, muziki wako hauna kosa. Tatizo ni faili, diski, au upande wa skrini na kadi ya michoro. Ikicheza vizuri kwenye mradi mtupu na kukwama kwenye mradi wako halisi, basi mradi ndio unaobana prosesa. Jaribio hili halimalizi dakika 5 na linakuokoa kupekua mipangilio isiyohusika. Nimeona mtu akibadilisha draiva, akifuta na kusakinisha programu upya, akibadilisha hadi kebo, ilhali alikuwa na faili la 4K la H.265 (picha kubwa iliyobanwa sana) lililotoka moja kwa moja kwenye kamera.

Faili langu ni MP4 ya kawaida tu. Ina kosa gani?

Haina kosa, imetengenezwa kwa kazi nyingine. Tena MP4 ni kasha tu, la muhimu ni kodeki, yaani njia ya kubana picha, iliyomo. Mara nyingi utakuta H.264, iliyotoka mwaka 2003, au mrithi wake H.265 wa mwaka 2013. Zote mbili ziliundwa ili faili liwe dogo na lipite kwa urahisi kwenye mtandao.

Udogo huo unapatikana hivi: faili halihifadhi kila fremu nzima. Linahifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata zinaandika mabadiliko tu: mkono umesogea, macho yamefumba, ukuta wa nyuma uko vilevile. Nyingine hutegemea hata fremu inayokuja baada yake. Kisimbaji (kibana video) cha x264, kinachotumiwa na programu za kubadilisha video za HandBrake na FFmpeg, kisipoelekezwa vingine kinaruhusu hadi fremu 250 kutoka fremu kamili moja hadi nyingine. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10.

Sasa weka mshale kwenye sekunde ya 9 ya kipande kama hicho. Fremu unayoitaka haipo kama picha. Programu inarudi kwenye fremu kamili ya mwanzo, inafungua zaidi ya fremu 200 moja baada ya nyingine, inazitupa zote, ndipo inakuonyesha hiyo moja. Ukizungusha kipande, hesabu hiyo inarudiwa kila mzunguko unapoanza. Ndiyo maana wengine huniambia video "inaganda kidogo kila loop ikianza, kisha inakimbia kujikuta". Ndivyo hasa inavyokuwa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu: mandhari ndefu isiyokatwa husumbua kuliko mandhari yenye mikato mingi. Kisimbaji kikiona mkato wa picha kwa kawaida huweka fremu kamili mpya, kwa hiyo tangazo lenye mikato kila sekunde 2 linaburutika vizuri, na mazungumzo ya dakika nzima ya kamera iliyotulia yanakwama. Mtu anadhani ni bahati mbaya.

Nibadilishe faili kuwa nini?

Kuwa kodeki ambayo kila fremu ni picha kamili inayojitegemea. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini prosesa itapumua, kwa sababu kufika fremu yoyote ni kuifungua hiyo moja tu. Chaguo zangu ni tatu.

ProRes Proxy ndiyo ninayoitumia zaidi, hasa kwenye Mac. ProRes ni ya Apple, ilitoka mwaka 2007, na kiwango cha Proxy ndicho chepesi kuliko vyote: kwa picha ya 1920×1080 kwa fremu 25 ni karibu megabiti 38 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90 itakula kama gigabaiti 26. Ukishusha hadi 1280×720, itapungua zaidi ya nusu.

DNxHR LB, ya Avid, ni ndugu yake. Kama unafanya kazi kwenye Pro Tools, anzia hapo.

Ya tatu ni H.264 ileile, ila umeiamuru iweke kila fremu kamili. Hii inafaa pale programu yako inapokataa mbili za kwanza, jambo linalotokea kwenye baadhi ya programu za Windows.

Kwa FFmpeg, ambayo ni ya bure, amri ya ProRes Proxy ni hii:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf "fps=25,scale=1280:-2" -c:v prores_ks -profile:v 0 -c:a pcm_s16le -ar 48000 kazi.mov

Na ya H.264 yenye fremu kamili zote:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf "fps=25,scale=1280:-2" -c:v libx264 -g 1 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a pcm_s16le -ar 48000 kazi.mov

Ile "-g 1" ndiyo inayosema kila fremu iwe kamili. "fps=25" ibadilishe iendane na kasi ya video yako; kama ni 23.976 andika fps=24000/1001, usiikadirie. Sauti nimeiweka PCM isiyobanwa, kwa 48 kHz, kwa sababu MP3 au AAC ndani ya video huongeza kazi ya kufungua bila faida yoyote, na kwingine huleta mchelewo mdogo mwanzoni.

Kama amri zinakutisha, mwombe mhariri wa picha. Ukimwambia "nipe ProRes Proxy ya 720, kasi ileile ya mradi wako, na taimukodi iwe imechapwa juu ya picha", ataelewa kwa sentensi moja. Hiyo taimukodi iliyochapwa, yaani saa inayohesabu hadi fremu, usiidharau, tutairudia.

Nikishusha hadi 720 si nitaharibu ubora?

Ubora wa nini? Hili ni faili la kutazama unapofanya kazi. Picha halisi iko kwa mhariri, na muziki wako utakutana nayo huko. Picha ya 4K ina pikseli mara 9 ya 1280×720. Kompyuta yako inabeba mzigo huo wote ili uone mtu akifungua mlango ndani ya kidirisha chenye upana wa kiganja.

Nikubali jambo moja: kazi ya sauti za vitendo, kama nyayo, nguo na vidole juu ya meza, wakati mwingine inahitaji kuona vitu vidogo. Hapo nabaki na 1080.

Video niliyorekodi kwa simu inaanza sawa, kisha picha na sauti zinaachana polepole. Mbona?

Huo ndio ugonjwa unaonikera kuliko yote, kwa sababu haujitangazi. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu. Hali ikirudi, inaongeza. Rekodi za skrini na za mikutano ya mtandaoni nazo hufanya hivyo mara nyingi. Kicheza video cha kawaida kinasoma muda wa kila fremu na kukubaliana nao. Programu nyingi za muziki zinachukulia kwamba kila fremu ina urefu sawa na mwenzake. Matokeo yake ni kuruka hapa na pale, na picha kuhama kidogo kidogo.

Yalinikuta kwenye filamu fupi moja. Nilipewa nakala ya haraka, mtu kairekodi skrini ya mhariri kwa simu. Kulikuwa na mwanamume anayepigilia misumari kwenye sanduku, na ngoma zangu zilitakiwa ziangukie nyundo. Dakika ya kwanza, kila pigo lilikaa. Dakika ya 6, nyundo ilikuwa inagonga baada ya ngoma. Nikadhani nimecheza vibaya, nikakesha nikisogeza mapigo moja moja. Faili sahihi lilipofika kutoka kwa mhariri, mapigo yote niliyoyasogeza usiku kucha yakawa nje, na yale ya mwanzo ambayo sikuyagusa yakawa ndani.

Siku hizi kila faili linalonifikia nalipitisha kwanza kwenye MediaInfo, programu ndogo ya bure. Tafuta mstari wa "Frame rate mode". Ukisoma "Constant", endelea. Ukisoma "Variable", usianze kutunga hata noti moja. Amri zile za juu zinalitatua, maana "fps=" inalazimisha kasi moja isiyobadilika. HandBrake nayo ina chaguo la "Constant Framerate". Kumbuka tu kwamba kwa kawaida itakutolea H.264 au H.265 yenye fremu tegemezi, kwa hiyo umetibu nusu ya ugonjwa.

Mradi wangu uko kwenye 24 na video ni 23.976. Tofauti ndogo hivyo ina madhara?

Ina. Ni sehemu 1 katika 1,000, ambayo kwa saa moja ni sekunde 3.6. Hata kwenye filamu ya dakika 10 utakuwa umepotea kwa sekunde 0.6, yaani fremu 14. Kulingana na programu, utaona ama fremu moja ikirudiwa au kurukwa kila baada ya muda (mtu anauita mkwamo), ama picha ikihama taratibu.

Kasi hizi zenye desimali zinatokana na televisheni ya rangi ya Marekani. Mwaka 1953, ili rangi iingie bila kuvuruga sauti, fremu 30 zilipunguzwa hadi 29.97, na tumeirithi hesabu hiyo hadi leo. Kwenye 29.97 kuna pia suala la taimukodi inayoruka namba: inaruka namba 2 kila dakika isipokuwa kila dakika ya kumi, jumla namba 108 kwa saa. Angalia vizuri neno namba. Hakuna picha inayotupwa, ni hesabu tu inayorukwa. Video yako ikikwama, usiilaumu hiyo.

Weka kasi ya mradi iwe sawasawa na ya faili kabla ya kuingiza chochote. Programu nyingi zitakuuliza. Usibonyeze "sawa" bila kusoma.

Je, nikiongeza bafa ya kadi ya sauti, video itatulia?

Mara nyingi ndiyo, kiasi. Bafa ni ukubwa wa furushi la sauti linaloandaliwa kwa mkupuo. Bafa ya sampuli 64 kwa 48 kHz inampa prosesa milisekunde 1.3 tu kuandaa kila furushi la sauti. Bafa ya 1,024 inampa milisekunde 21. Kazi ikija kwa mafurushi makubwa, kunabaki mapengo ya kufungulia picha. Fremu moja ya video ya 25 ina milisekunde 40, kwa hiyo unaona jinsi bafa ndogo inavyoikatiza prosesa mara nyingi kabla haijamaliza fremu moja.

Ninaporekodi kinanda au mwimbaji, nashusha bafa na kuvumilia picha inayoyumba. Ninapochanganya, napandisha. Ila bafa haitaiponya H.265 ya 4K.

Video iko kwenye diski ya nje. Hiyo ndiyo sababu?

Inategemea faili. H.264 ni nyepesi mno kwa diski yoyote. Hapo diski haihusiki. ProRes Proxy nayo inahitaji chini ya megabaiti 5 kwa sekunde, hata USB 2.0 inaibeba. Shida inaanza mtu anapopewa video isiyobanwa kabisa. 1920×1080 ya biti 8, kwa rangi za 4:2:2 na fremu 25, ni karibu megabaiti 104 kila sekunde. Kikomo cha USB 2.0 kwenye karatasi ni megabaiti 60.

Diski ya kuzunguka ina udhaifu wa pili: kichwa chake cha kusomea ni kimoja na kinatembea. Ikiwa video, rekodi na maktaba ya vyombo vya muziki viko humo humo, kichwa kinakimbizana kati ya sehemu tatu. Hamisha video peke yake kwenye SSD. Na usifanye kazi na faili lililo ndani ya folda inayojipakia mtandaoni yenyewe. Siku moja litakuwa limehamishiwa wingu katikati ya kikao.

Kwenye mradi mtupu video ni safi, lakini mradi wenye treki 80 unaiua. Nifute nini?

Usifute. Gandisha treki ulizomaliza (freeze, yaani zigeuzwe faili la sauti kwa muda), hasa zenye ala nzito na plagini za mwangwi mrefu wa kumbi (reverb). Au fanya ninavyofanya mimi: nachapa muziki wote kuwa faili moja la sauti, nafungua mradi mpya wenye video na faili hilo tu, na humo ndimo ninamopangia sauti za vitendo.

Kisha funga madirisha. Plagini zinazochora mawimbi na rangi za masafa zinachora upya mara kadhaa kila sekunde, na kazi hiyo inagombania kadi ya michoro na video yako. Nimewahi kuona picha ikitulia papo hapo kwa kufunga kichanganuzi kimoja kilichojaa skrini nzima. Zima pia vijipicha vidogo vinavyoonyeshwa ndani ya treki ya video. Cubase na Nuendo zina chaguo hilo. Kila unapokuza au kusogeza mwonekano, programu inalazimika kuvichora upya, maana yake inafungua fremu ambazo hata huzitazami.

Kamera inapopita pembeni polepole, picha inadunda hata kwenye mradi mtupu na faili ni ProRes. Nimekwama.

Hujakwama. Gawanya: skrini yako huenda inajichora mara 60 kwa sekunde, na filamu ina fremu 24. 60 haigawanyiki kwa 24, kwa hiyo fremu moja inakaa michoro 2, inayofuata 3, kisha 2, kisha 3. Kwa fremu 25 ni vurugu zaidi. Kwenye mazungumzo huoni kitu. Kamera ikipita mbele ya uzio au safu ya nguzo, unaona mdundo.

Kama skrini yako inakubali Hz 120, iweke hapo: 24 inaingia mara 5 kamili na 30 mara 4. Kwa 25, tafuta Hz 50 au 100. Isipokubali, iache. Mdundo huo uko kwenye skrini yako peke yake, haumo kwenye kazi.

Laptop inaanza vizuri, baada ya dakika kumi hivi inaanza kukwama.

Joto. Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe. Inyanyue ipate hewa chini, safisha feni, chomeka umeme (ikitumia betri nyingi hujibana), na uweke mpango wa nishati kwenye utendaji wa juu. Kwenye laptop zenye kadi mbili za michoro, hakikisha programu ya muziki imepewa ile yenye nguvu; Windows ina sehemu ya kuchagua hilo kwa kila programu.

Napata kisanduku cheusi, sauti inasikika. Niliambiwa nisakinishe QuickTime kwenye Windows.

Usisakinishe. Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows mwaka 2016 ikiwa na mianya ya usalama isiyozibwa, na ushauri wa wakati huo ulikuwa kuiondoa kabisa kwenye kompyuta. Maelekezo unayoyasoma yanayoitaja ni ya zamani. Programu za sasa zina mitambo yao ya video. Cheusi chenye sauti maana yake programu haijaijua kodeki, kwa hiyo badilisha faili. Kwenye Mac hali inafanana: macOS Catalina ya mwaka 2019 iliacha nyuma kodeki kadhaa za zamani zilizotegemea QuickTime ya biti 32, na faili la miaka hiyo linaweza kukataa kufunguka.

Kuna mambo ya kujua kwa kila programu?

Machache. Pro Tools haichezi video mpaka mtambo wake wa video uwashwe kwenye dirisha la Playback Engine. Ableton Live inaonyesha picha kwenye mwonekano wa Arrangement tu; ukiiweka klipu kwenye ule wa Session utasikia sauti bila kuona kitu. Na kwenye Live zima Warp (kuvuta klipu ifuate tempo) kwa klipu ya video, la sivyo utabadilisha tempo na picha nayo itavutika kuifuata, kisha utauliza kwa nini waigizaji wanatembea kama roboti. Kwenye Reaper, mipangilio ya mradi ina sehemu ya video. Punguza ukubwa wa picha hapo na mzigo unashuka mara moja. Logic haina makuu: ipe ProRes, itatulia.

Picha haikwami, ila daima iko nyuma ya sauti kwa kiasi kilekile.

Hilo ni jambo jingine, na ni jepesi. Televisheni na projekta huchakata picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya michezo kwenye televisheni ili uchakataji upungue. Kinachobaki, rekebisha kwenye programu yako: nyingi, Cubase ikiwemo, zina nafasi ya kuingiza milisekunde za kusogeza picha. Tumia video yenye mlio na mmweko vinavyotokea fremu moja, sogeza mpaka macho na masikio yakubaliane. Usisogeze muziki wenyewe kufidia televisheni yako.

Ninajuaje kwamba ulinganifu umekaa kweli, na si jicho linanidanganya?

Usiangalie mwanzo wa filamu. Mwanzo hukaa hata kwenye faili bovu. Nenda mwisho kabisa, dakika ya mwisho, simamisha mshale, na ulinganishe taimukodi iliyochapwa kwenye picha na ile ya programu. Zikifanana hadi fremu, umemaliza. Zikipishana, hesabu tofauti: fremu 1 au 2 zisizobadilika popote ulipo ni suala la mwanzo wa klipu, tofauti inayokua kadiri unavyosonga mbele ni kasi ya fremu.

Nikimaliza, nitoe video kutoka humu humu kwenye programu ya muziki?

Kwa kumwonyesha mwongozaji, sawa. Kama nakala ya mwisho, hapana: utakuwa unamrudishia Proxy ya 720 uliyojitengenezea. Mpelekee mhariri WAV ya 48 kHz, biti 24, inayoanza mahali palepale faili lake la picha linapoanza, na uweke mlio wa fremu moja sekunde 2 kabla ya fremu ya kwanza ya filamu yenyewe. Naye akiwa na mlio huo kwenye picha yake, atavuta sauti yako mpaka milio miwili isikike kama mmoja.

Na usishtuke kama wakati wa kutoa faili la sauti picha iliganda kabisa kwenye skrini. Wakati huo programu imeacha kuichora makusudi, na WAV yako haijaguswa.